Karamu ya Generoza

Bibiana tulimzika Jumamosi, Kaniha, nyuma ya shamba lake la mihogo, na mimi nilifika nimechelewa kwa sababu ya magoti haya. Watu walikuwa wamesharudi kutoka kaburini, wanakula. Nikiwa natafuta pa kuketi, mjukuu wa marehemu akanijia na daftari la rambirambi amelikumbatia kifuani, akapiga goti, akasema, "Shikamoo bibi. Karamu hii hapa, andika jina." Mkononi alikuwa na kalamu ya wino wa bluu. Wote waliokuwa karibu walisikia kalamu, maana huku kwetu r na l zinalala kitanda kimoja na hakuna anayejali ipi imelalia upande gani. Mimi peke yangu nilisikia maneno yote mawili, mkono ukabaki hewani. Msichana akadhani sijui kuandika. Akaniambia taratibu, "Si neno, bibi, nitakuandikia." Basi machozi yakanitoka pale pale mbele ya masufuria, na mama mmoja akasema jamani, huyu alimpenda kweli marehemu. Nilimpenda, ndiyo, tulifanya kazi pamoja na alinivumilia mengi. Lakini pale nilikuwa namlilia Generoza, mgonjwa wetu wa mwaka wa vita.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nesi mpya, kofia yangu imetiwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Kituo nilichopangiwa sitakitaja jina. Kilishafungwa na matofali yake watu wamejengea mabanda. Kabla ya kuwa kituo lilikuwa ghala la pamba. Walilipaka chokaa, wakatoboa madirisha juu kabisa, wakapanga vitanda kumi na vinne, wakasema haya, hii ndiyo wodi ya wagonjwa wa akili wa Ngara na Biharamulo. Mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ya mbegu za pamba, na wagonjwa wengine walikuwa wanalamba chokaa. Chakula kilikuwa bada, yaani ugali wa mhogo, na maharage, asubuhi uji usio na sukari. Sukari ilikuwa imeenda vitani. Sabuni imeenda vitani, lori la dawa limeenda vitani, hata fundi wa paa alikuwa mgambo na yeye kaenda kumpiga nduli. Ukiuliza kitu chochote mwaka ule jibu lilikuwa hilo moja, na ukiuliza mara ya pili unaonekana huipendi nchi yako.

Tulikuwa watatu tu. Tabibu Laurenti alikuwa anahudumia vituo viwili kwa pikipiki moja mbovu, kwa hiyo sisi tulimpata Jumatatu na Alhamisi. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye haraka. Alifika, akavua kofia, akaketi mezani na kusoma kitabu cha taarifa za wodi tangu siku aliyoondoka, na kwa yale aliyoyasoma akapandisha dozi ya huyu na kushusha ya yule. Wagonjwa wenyewe aliwaona akiwa anatoka. Kwa maneno mengine, kilichoandikwa kitabuni ndicho kilichokuwa mgonjwa, na mwandishi wa kitabu hicho nilikuwa mimi. Wa tatu alikuwa Bibiana, mhudumu wa wodi: alifagia, alifua, alipika, aliwaogesha, aliwashika waliotaka kukimbia. Yeye alikuwa Mhangaza wa Kanazi aliyeolewa Kaniha, darasa la pili basi, na alinizidi miaka kumi. Aliniita "Nesi wa Chuo," na sikujua kama ananiheshimu au ananicheka. Baadaye nilijua. Alikuwa ananicheka.

Sasa lazima nieleze jambo la r na l, maana bila hilo mtaona nilikuwa kiziwi. Mimi ni Msukuma. Nimekua nikisema lisasi na balabala na sikuona ubaya wowote. Chuoni mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa nisome maneno "risala ya rais," na mimi nikasoma "lisala ya lais," darasa likaanguka kicheko. Akanirudisha tena na tena, hadi kengele ikalia. Tangu siku hiyo nilikuwa najifungia chooni najifunza kuunguruma. Nilitoka chuoni r yangu inalia kama pikipiki ya Laurenti, na nikawa mtu wa kusahihisha wenzangu sokoni, kanisani, popote. Nilijivunia sikio langu. Mtu akisema karamu, mimi nilisikia karamu, sherehe, watu wamekaa mkekani na chungu cha rubisi, pombe ya ndizi, katikati. Na juu ya mlango wa wodi palibandikwa karatasi: KISWAHILI TU. Wakubwa walisema lugha za nyumbani zinawachanganya wagonjwa. Niliibandika mimi mwenyewe kwa uji wa unga.

Generoza aliletwa na shemeji yake kutoka kijiji cha ujamaa kule Kanazi, amefungwa kanga mikononi. Alikuwa amejifungua wiki mbili tu zilizopita, mtoto wa kike. Mumewe, Stefano, alichukuliwa mgambo akamwacha na mimba ya miezi saba. Baada ya kujifungua akakosa usingizi, akaanza kuimba na kubishana na watu wasiokuwapo, na siku moja ya mvua akatoka na mtoto, akamlaza kwenye tuta la viazi, akaondoka. Mtoto alikutwa mzima, akachukuliwa na bibi yake mzaa baba. Ugonjwa wa namna hii unawapata baadhi ya wazazi na wengi wanapona vizuri kabisa. Hilo nilifundishwa na nililijua. Na kweli, wiki ya tatu ya vidonge vya klopromazini alikuwa anachana nywele, anatandika kitanda, anamsaidia Bibiana kuchambua maharage. Bibiana alikuwa amemfunga matiti kwa kitambaa ili maziwa yakauke. Kuna mchana nilimkuta amekaa kwenye ngazi ameshika kifua, maziwa yamepenya kitambaa na gauni. Nilimpa gauni jingine nikaenda zangu.

Halafu shemeji akaja tena, akasimama naye kwenye kibaraza, akampa barua, akaondoka bila kunywa hata maji. Barua niliiona. Sikuuliza. Jioni hiyo hiyo Generoza akanishika mkono wa sare. "Dada, naomba karamu."

"Karamu ya nini, mama?"

"Ya mume wangu. Nimwandi..." Ulimi wake ulikuwa mzito kwa dawa, mwisho wa neno ukazama kwenye mate. Akakusanya vidole vitatu pamoja akavichezesha mbele ya uso wangu. Mimi nikaona mtu anayefinyanga tonge.

"Unataka kumwandalia karamu mumeo?" Nilisema kwa sauti kubwa, neno moja moja, tunavyowasemesha viziwi na wageni.

Uso wake ukachanua. "Eee, dada! Hiyo hiyo."

Mwalimu wetu wa uuguzi wa akili, mwingine, si yule wa risala, alikuwa na kauli moja: andika ulichokiona na ulichokisikia, usiandike ulichokidhani. Nilikwenda mezani nikaandika: "Mgonjwa anadai kumwandalia mumewe karamu. Anaigiza kula. Anafurahi kupita kiasi." Nikaona nimeandika nilichokiona na nilichokisikia. Kesho yake akaomba tena, na keshokutwa, na kila alipoomba nilimjibu, "Tutaifanya, mama, subiri vita viishe," nikijiona mwerevu wa kumtuliza mgonjwa. Siku ya nne alilia, akanivuta sare mpaka kifungo kikakatika. Nikaandika: "Wazo la karamu linazidi. Amekuwa msumbufu." Jumatatu Laurenti akasoma, akacheka mpaka miwani ikateleza. "Karamu! Nchi haina hata chumvi, yeye anataka karamu!" Akaongeza dozi maradufu. Kisha akaniambia, "Umeandika vizuri sana, Ndugu Kabula. Nesi mwenye jicho kama lako ni nadra." Nilifurahi, nisidanganye. Nilitembea wodini siku nzima najisikia daktari.

Dawa ile ikizidi inakaza mwili. Ndani ya siku chache Generoza alikuwa anaburuza miguu, mate yanamdondoka, na mikono inatetemeka, hata uji ukimwagika kabla ya kufika mdomoni. Bibiana akawa anamlisha. Karamu hakuiomba tena kwa mdomo. Alikuwa ananitazama tu ninapopita, vidole vitatu vimekutana mapajani, vinatetemeka vyenyewe, na mimi nikaandika: "Ametulia."

Ilikuwa Jumatano mchana. Mimi na Bibiana tumeketi nyuma ya jiko tunamenya mihogo, na yeye hakuniangalia aliposema, "Lakini nesi, ile kalamu si mngempa tu? Akaandika mbele yenu, halafu mkaichukua. Ina ubaya gani?"

"Kalamu gani?"

"Anayoiomba Generoza kila siku."

"Karamu, Bibiana. Anaomba karamu. Sherehe."

Akaacha kumenya. "Nani amwombe nesi sherehe? Kwetu kalamu ni ikaramu. Anataka amwandikie mumewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Niwaambie nini? Nilidhani mnamkatalia kwa sababu ya ncha. Si mlisema vitu vyenye ncha marufuku? Ninyi ndio wenye chuo."

Laiti ningekuwa na sikio langu la zamani, lile la balabala, ningemwelewa siku ya kwanza kama Bibiana alivyomwelewa. Nilikwenda mbio wodini, nikapiga magoti kando ya kitanda nikamuuliza, "Generoza, unataka kuandika?" Alisukuma mkono ndani ya foronya, mkono unaruka ruka, akatoa barua imechakaa kwa kukunjwa. Nikaisoma. Bado naikumbuka, si neno kwa neno, lakini ilisema hivi: Mke wangu, mama ameniletea habari kwamba umepata kichaa kisichopona, anataka nikubali urudishwe kwenu na mtoto abaki. Sijakubali. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe, usiandikiwe na mtu. Mwandiko wako naujua tangu kisomo cha watu wazima, tuliketi benchi moja. Nikiuona nitajua u mzima, nitamwambia mama akungoje. Nisipouona nitajua wamesema kweli.

Wakati ule barua za mgambo zilibebwa na gari la jeshi lililopita Biharamulo Ijumaa, na haikujulikana litapita tena lini. Alhamisi Laurenti alipofika nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nilieleza kwa kulia. Alivua miwani akaifuta. Hakunifokea, na ningeshukuru kama angenifokea. Alisema dozi tutaishusha leo hii, ila mtetemeko hautoki kesho, unaweza kuchukua wiki kadhaa. Kuna vidonge vya kuuzuia. Nikamuuliza viko wapi. "Unajua viko wapi," akasema. Nikauliza kuhusu kitabu, kama niyafute yale niliyoandika. "Kitabu hakifutwi, Ndugu Kabula. Andika mbele yake." Nikaandika: "Mgonjwa anaomba kalamu." Kwamba aliiomba karibu wiki mbili na mimi ndiye niliyemnyima, hilo sikuliandika. Kalamu ilikuwa mkononi na ukurasa ulikuwa mweupe, nikashindwa.

Ijumaa asubuhi tulimkalisha kwenye kibaraza, sinia la dawa mapajani liwe meza, karatasi juu yake. Bibiana alimshika mabega. Generoza akaishika kalamu kwa vidole vile vitatu, akaanza. Herufi zilipanda na kushuka, wino ukatoboa karatasi mara mbili, "Mume wangu" peke yake ilimaliza mstari na nusu. Lakini aliandika, akiwa ameuma mdomo, jasho linamtiririka. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake nauangalia mwandiko ule na siwezi kuuvumilia. Niliona barua ya mwendawazimu. Niliona Stefano anaifungua mbele ya wenzake, anatikisa kichwa. Leo najua pia nilikuwa naona aibu yangu mwenyewe: mtetemeko ule niliuandika mimi, kitabuni, kwa mwandiko mzuri. Nikamwambia, "Subiri, tutaanza karatasi nyingine, nitakushika mkono."

"Acha itetemeke, dada," akasema. Polepole, lakini kila neno lilisikika. "Ataijua."

"Hatasoma kitu hapa, mama. Ataogopa."

"Ataijua."

Bibiana naye akasema, "Nesi, mwache." Sikumwacha. Gari lilikuwa linakuja, na mimi ndiye niliyejua. Nikaweka karatasi safi, nikapiga goti nyuma yake, nikamkamata kiganja na kifundo kwa nguvu mpaka mtetemeko ukanyamaza ndani ya mkono wangu. Maneno yalikuwa yake yote: kwamba alikuwa mgonjwa na sasa amepona, kwamba mtoto ana masikio ya babake, kwamba amngoje. Alitaja, tukaandika. Barua ikatoka imenyooka, herufi za mviringo, zimelala upande mmoja kama nilivyofundishwa. Nilifurahi kuiona. Generoza aliitazama sana, akasema, "Nzuri," akanirudishia kalamu. Ile ya kwanza, yenye matobo, niliikunja nikaitia motoni jikoni, na bahasha nikaipeleka barabarani mwenyewe kwa miguu, nikampa dereva mkononi.

Jibu lilikuja baada ya mwezi na zaidi. Lilikuja na shemeji, limeshafunguliwa, pamoja na furushi la nguo zake: kanga mbili, gauni la kanisani, viatu. Lilikuwa na mistari miwili. "Mwandiko huu si wako. Mwambie aliyekuandikia kwamba nimemwelewa." Shemeji hakutaka kuketi. Alipoulizwa habari za mtoto alisema ameanza kugeuka mwenyewe mkekani, halafu akaonekana kujuta kwamba amesema.

Kufikia siku hiyo mkono wa Generoza ulikuwa umetulia kabisa. Dozi ilikuwa imeshuka, anakula mwenyewe, anafua nguo za wodi nzima, anawasuka wagonjwa wenzake. Alikuwa mzima kuliko mimi. Nilimletea kalamu mpya na bahasha na karatasi tano. Nikamwambia, "Andika sasa, Generoza, peke yako, mimi natoka nje kabisa. Atauona mkono wako." Alikuwa anakunja shuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Na huu pia atasema ni wako," akasema. Akaendelea kukunja.

Alikaa nasi miezi mingine minne kwa sababu hapakuwa na wa kumchukua. Kitabuni niliandika kila siku "hana tatizo," na kila Jumatatu Laurenti alisoma "hana tatizo" akageuza ukurasa. Vita vikaisha. Magari yalipita barabara kuu yamepambwa matawi, watu wanapiga vigelegele, na sisi tulisikia honi tukiwa wodini. Stefano alirudi mzima. Bibiana alizipata habari zake Kanazi, na kabla ya mavuno mama yake alikuwa ameshamwozea mke mwingine, na huyo ndiye aliyemlea mtoto. Generoza alikuja kuchukuliwa na kaka yake aliyekuwa akifanya biashara ndogo Kabanga, mpakani. Aliondoka na furushi lile lile, hajalifungua. Alimkumbatia Bibiana. Mimi alinipa mkono, mkono mkavu, imara, usiotikisika hata kidogo.

Sikumwona tena. Miaka mingi baadaye Bibiana alikutana naye Kabanga anauza ndizi, wakaamkiana, wakaongea kidogo. Nikamuuliza alisema nini juu yangu. "Alisema nikusalimie." Basi? "Basi." Nilifanya kazi ile mpaka kustaafu, nikafundisha wauguzi wadogo, na kila darasa niliwaambia andikeni mlichokisikia, msiandike mlichokidhani. Kisa hiki sikuwasimulia hata mara moja. Bibiana ndiye tu aliyekijua mwanzo hadi mwisho, na hakunikumbusha siku zote za maisha yake, na sasa amekwenda nacho.

Nirudi msibani. Yule msichana alikuwa bado amepiga goti, daftari wazi. Nikapokea kalamu. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, uzee tu, daktari amesema hakuna cha kufanya. Nikaandika K, ikatoka imevunjika mara tatu. Nikajaribu a. Nilitaka kumwambia mtoto aniache, niandike hivyo hivyo, Bibiana angenijua. Lakini kabla sijafungua mdomo alishasogea nyuma yangu na kunishika kifundo, kwa heshima kabisa, vidole vyake vina harufu ya vitunguu, akaniongoza polepole mpaka mwisho wa mstari. Akapuliza wino ukauke. "Umeona, bibi? Imekuwa nzuri." Nikatazama. Jina lilikuwa langu, limenyooka, na mwandiko ule siujui.